Sauti ya Kassimu mu Kisanduku ya Henri

Henri ni jirani yangu wa ukuta. Sisemi jirani wa mutaa, nasema wa ukuta: upande huu iko mashini yangu ya kusaga mihogo, upande ule iko studio yake ya picha, na katikati ni matofali tu. Nikiwasha mashini asubui, vioo vyake vinatetemeka. Akiweka muziki ya arusi, mimi nasaga nikicheza. Tumekaa hivi hapa Baraka, kando ya ziwa, miaka mingi, na mukiniuliza kama tunapatana, nitawaambia mutaje kwanza siku gani.

Ni muntu murefu, mukristo wa misa ya kwanza, na maneno anayatoa kama muntu mwenye kutoa jino. Ukimusalimia, anaitika na kichwa. Ukimutukana, anaitika na kichwa kilekile. Hiyo njo inaniudhi kwake. Mimi sikuzaliwa hivyo. Mimi nikikasirika, soko muzima inajua mbele ya saa sita, na bamama benye kuuza ndagala banapanga viti.

Kazi yake ni arusi, matanga, ubatizo, picha za karte, fotokopi. Lakini kitu alikuwa anapenda kuliko vyote ni mupira. Siku ya Mungu, akitoka misa, anabeba kamera mpaka uwanjani na anapiga mechi tangu mwanzo mpaka mwisho, hata kama hakuna mwenye alimutuma. Mangaribi yake anaionyesha kwa ekra, kioo kikubwa kama cha televisheni, mbele ya studio. Bijana banajaa mpaka kwa baraza yangu, banakanyaga mihogo yenye nimeanika, na Henri anasimama nyuma yao anafurahi kama baba wa wote.

Sasa niwaeleze ile kisanduku, juu bila kisanduku hamutaelewa. Mule studio muko ordinatere tatu, ni kusema kompyuta, na zote zinakula kwa chungu moja: kisanduku nyeusi, kubwa kama mukate wa kopo, yenye imefungwa na kamba kwa zile tatu. Picha ikiingia kwa ordinatere moja, zile zingine zinaiona. Arusi zote za Baraka zilikuwa mule. Mwanzo, ndani yake mulikuwa diski mbili za kuzunguka, na Henri alikuwa anaweka sikio juu yake kila asubui kama munganga. Ikizunguka vizuri inafanya mulio kidogo, na yeye anatikisa kichwa anafungua mulango.

Siku moja ikafanya ka-ka-ka, ka-ka-ka, na ikanyamaza.

Ayee! Hiyo siku Henri alipata maneno. Alikuja kwangu, akasema mbele ya bateja wangu kama mashini yangu imeua arusi za bantu. Nikamuuliza: mashini iko na mikono? Ilipita wapi, kwa dirisha? Akasema ukuta unatetemeka. Nikasema ukuta ni wake pia, autulize. Bwana yangu Kassimu, mwenye alifunga ile mashini na mikono yake, alisimama katikati yetu akicheka, na hiyo kicheko ilitukasirisha sisi wote wawili. Tangu pale mimi na Henri hatukusalimiana. Nilikuwa napita mbele ya studio nikiangalia ziwa.

Ni Guy mwenye alituliza mambo. Guy ni fundi wa ordinatere, anatokaka Uvira na bapikipiki ba kubeba bantu. Alifungua ile diski mbele yetu, akatuonyesha: ndani muko sahani yenye kung'aa, na kidole kidogo sana kinapita juu yake bila kuigusa. Ukitikisa, kidole kinagusa. Bunga ya mihogo ikiingia mu feni, joto inapanda. Umeme ikikatika gafula, kidole kinaanguka vibaya. Akasema: "Papa Henri, hapa kwenu, kati ya mashini ya mama na umeme wa Baraka, diski ya kuzunguka haina maisha. Weka zile zisizozunguka."

Akatoa moja mu mufuko. Jamani, mimi nilizania ni biskuti. Kitu bapa, nyepesi, haina mulio, haina sahani, haina kidole. Guy akaiachilia chini kwa simenti, pa! Henri akaruka. Guy akaiokota akacheka: "Hakuna kitu ndani cha kuvunjika kwa kutikisika. Muogope tu kuiacha mu joto bila umeme muda murefu sana. Ile inaweza kuisahaulisha." Henri akauza pikipiki yake ili apate mbili. Kuanzia pale alikuwa anaenda kwa arusi na miguu, kamera kwa kichwa kama mama anatoka mutoni.

Siku ya kuziweka nilikuwa pale, nimeegemea mulango, juu kitu kinapita karibu yangu lazima nikione. Guy akamuuliza: "Tuziunganishe zikuwe nafasi moja kubwa? Ao tuandike kila kitu mara mbili, huku na huku? Ukiunganisha unapata nafasi mara mbili, lakini kila picha itakuwa nusu huku, nusu kule. Moja ikipotea, ile ingine haina maana tena." Henri hakukawia. "Unganisha," alisema. "Mechi zangu zitaingia wapi?" Hayo maneno niliyasikia na masikio yangu mwenyewe, na muyashike vizuri, juu yalinitesa sana mbeleni.

Kisha Riziki, mutoto wangu wa kwanza, akaolewa. Henri njo alipiga ile arusi, hata kama tulikuwa tungali tunaangaliana kwa pembe ya macho. Kassimu akasimama kusema neno la baba. Muntu yule, Mungu amurehemu, hakuwa na haya. Akamwambia mukwe: "Huyu mutoto anatia chumvi mingi mu sombe, nakuambia mapema usiseme nilikuficha. Siku ukimuchoka, umurudishe polepole, bila kelele. Mulango wangu haufungwake." Bantu bakaanguka na kicheko. Kisha akageukia Rehema, mudogo wake, mwenye alikuwa anacheka kuliko wote: "Na we Rehema, usicheke. Siku yako iko njiani. Radhi yangu nakupa leo hii, mbele ya hawa bote. Usiseme baba alichelewa."

Kabla mwaka haujaisha, ugonjwa wa sukari ukamubeba Kassimu.

Kwetu, sisi baislamu ba kandokando ya ziwa, mutoto mwanamuke hatoki nyumbani bila radhi ya baba. Kama baba hayuko, baba mudogo anasimama anasema, na inakubalika, hakuna sheikh atakataa. Lakini Rehema alikuwa na radhi ya baba yake mwenyewe, kwa kinywa chake, na jina lake limetajwa. Alikuwa anasema: "Mama, siku yangu, bamwache baba aseme." Na baba alikuwa mu kisanduku ya Henri tu. Flashi ya arusi yenye Henri alitupatia, tuliazimisha kwa jirani, ikarudi arusi imefutwa, imejaa nyimbo za kwaya. Tulichekaka, tukasema si kitu, Henri iko nayo.

Mwezi wa matanga nilikuwa naenda kwake kila wakati mashini ikisimama. Sikuomba. Nilikuwa nakaa kwa kiti, yeye anaweka ile sehemu, anatoka inje ananiacha. Kassimu anasema sombe, chumvi, mulango. Nalia, nacheka, nafunga kitenge vizuri, narudi kusaga. Hakuna siku hata moja Henri aliniambia nimekuja mara mingi. Hivyo tukarudilia kusalimiana, yeye na kichwa chake, mimi na kinywa changu.

Wakati uleule Guy alikuja tena, bakafunga mulango muchana muzima. Sikuuliza. Kitu nilichoona ni kama mechi za siku ya Mungu ziliisha. Ekra haikutoka tena. Bijana bakapita, bakangojea, bakarudi. Nikamutania Henri: "Papa Henri, timu yako imekupiga kofi? Ao umekuwa muchoyo?" Akaitika na kichwa. Mimi nilifurahi, kusema kweli. Mihogo yangu ilipata amani.

Basi, tulikuwa tumeisha kupanga arusi ya Rehema, barua zimetoka, na ndiyo wakati risasi zililia upande wa milima. Mwenye aliishi huku anajua: hatungojeake kuuliza ni nani. Na sisi bantu ba huku Fizi tuko na namna yetu ya kukimbia. Hatuendeke njia moja. Tunajigawanya. Mama na batoto kwa ziwa, baba na bazee kwa barabara. Sufuria kubwa huku, mashini ya kushona kule. Kama njia moja inaharibika, kuko mwenye atabakia na kitu. Tulikimbia hivyo nikiwa mutoto, na mama yangu alikimbia hivyo mbele yangu. Hakuna mwenye alitufundisha.

Henri akaja mbio, ameshika diski mbili. Kisanduku yenyewe, bila diski, alikuwa ameishaificha kwangu chini ya mifuko ya mihogo. Akaniwekea moja mu mukono. "Mama Riziki, we unapanda boti, mimi naenda na mama yangu njia ya Lulimba. Shika hii." Nikaifunga mu kitenge, kitenge nikaifunga kiunoni, nikavuta Rehema kwa mukono tukakimbia pwani. Kupanda tu, telefone yangu ikaingia mu maji. Sikuililia.

Ni katikati ya ziwa, boti imejaa, mawimbi yanatunyanyua na kutuangusha, njo maneno ya Guy yalinirudilia. Nusu huku, nusu kule. Moja ikipotea, ile ingine haina maana. Mungu wangu! Nikashika kiuno. Niko nabeba nusu ya bwana yangu! Nusu ya kinywa, nusu ya sombe! Nikataka boti irudi. Rehema akaniuliza nini, nikasema hakuna.

Ng'ambo, kule Ubwari, tulikaa kwa bandugu, na siku zikaenda. Wakati wa kushuka boti niliteleza kwa mawe, nikaangukia ile kiuno kabisa, kwa ngufu, na nikasikia diski imegonga jiwe. Kisha jua. Nyumba ya mabati, joto ya kupika yai, na mimi naipepea na mufuniko wa sufuria kama mutoto mwenye homa. Bantu bakauliza yule mama anapepea nini. Kila swala niliomba kwa ajili ya Henri, kuliko nilivyoomba kwa ajili ya bandugu yangu, na siyo juu ya Henri. Nilikuwa naombea ile diski mu mufuko wake.

Wakaja kusema Baraka imetulia. Tukarudi. Mulango wa mashini yangu ulikuwa umevunjwa, mifuko yote ya mihogo imebebwa, na pale mahali pa mifuko, kwa simenti tupu, kisanduku ya Henri ilikuwa imekaa, nyeupe na bunga. Wezi walichukua mihogo, kisanduku wakaiacha. Nilicheka peke yangu kama mwenye kichaa.

Henri akarudi nyuma yetu. Amekonda, viatu haviko, mama yake yuko muzima, namushukuru Mungu. Nikamuuliza hata sijamupa pole: "Diski yako iko wapi?"

Akaangalia chini. "Tulivuka muto na pikipiki ya kulipa. Ikateleza. Mufuko ukaenda."

Nilimupasulia. Wallahi, yote yenye nilikuwa nameza kule Ubwari niliyatapika pale barabarani. Nikamuuliza alipata wapi akili ya kugawa sauti ya bwana yangu kama mukate. Nikamuambia mechi zake zimekula kinywa cha marehemu. Nikamuambia bantu ba mupira bafurahi sasa. Akafungua kinywa mara moja, "Mama Riziki, ile diski..." nikamukatia. Akafungua tena, nikamukatia tena. Rehema alikuwa amesimama nyuma yangu, machozi yanaanguka tu kwa kilemba. Hiyo njo iliniua.

Mwisho Henri akanyoosha mukono. "Leta," alisema. "Sisemi kitu mbele ya kuona."

Tukaingia studio. Pano zake za umeme wa jua zilikuwa zimeibiwa, akaazima batri kwa garage. Kisanduku akaipuliza na pompi ya baiskeli, bunga ikatoka, tukakohoa sisi wote. Akapanguza diski na shati yake. Aliigeuza, akaona ile alama ya jiwe kwa pembe, akaniangalia. Nikasema: "Nilianguka. Na jua iliipiga. Sema unayotaka." Akaitika na kichwa. Akaiingiza mu nafasi yake, ile nafasi ingine ikabaki wazi kama pengo ya jino. Akawasha.

Kimya. Na kumbuka, zile diski hazina mulio. Ile ya zamani ungeweka sikio, ungejua inapumua. Hii inaweza kuwa muzima, inaweza kuwa maiti, hakuna mwenye anakuambia. Kisha taa nyekundu ikawaka, na kisanduku ikaanza kulia: pii, pii, pii.

"Imekufa!" nikalia.

"Hapana," Henri akasema. "Inalilia mwenzake."

"Na nusu itatuonyesha nini? Guy alisema..."

"Mama Riziki. Nyamaza kidogo."

Ni mara ya kwanza muntu ananinyamazisha mu ile nyumba, na nilinyamaza. Akafungua ordinatere. Akatafuta. Mbele ya kubonyeza alifanya alama ya musalaba, nikaelewa kama na yeye hakujua iko nzima ao imekufa. Akabonyeza.

"...anatia chumvi mingi mu sombe, nakuambia mapema usiseme nilikuficha."

Kassimu! Na kofia yake, na shati ya bluu, na ile sauti yake yenye kukwaruza kidogo, yote, si nusu, yote! Nikakaa chini kwa simenti mu bunga. Nilicheka, nililia, nilimwita jina lake. Nikahisi njaa gafula kama mwenye amefunga. Rehema alishika ekra na mikono miwili. Akamungojea baba yake afike kwa jina lake, na alipofika, "na we Rehema, usicheke," alicheka. Alicheka na machozi mpaka midomoni.

Henri alikuwa ameisha kutoka inje, kama zamani. Nikamufuata.

"Papa Henri, nieleze. Ile nusu inasema vipi yote?"

"Haikuwa nusu."

"Nilikusikia na masikio yangu. Ulisema aunganishe."

"Guy aligeuza. Kila kitu mara mbili."

"Lini?"

"Wakati wa matanga." Akaangalia ziwa. "Ulikuwa unakuja kila siku. Nikafikiri, moja ikikufa, huyu mama ataenda wapi."

Nikahesabu mu kichwa. Kuandika mara mbili, nafasi inabaki nusu. Kisanduku ilikuwa imejaa. Kuko kitu kilitoka. Na pale nikaona ile ekra yenye haikutoka tena, na bijana benye kungojea, na mimi nimesimama kwa baraza, mikono kiunoni, namuuliza kama amekuwa muchoyo.

"Na mechi?" nikauliza. "Zote?"

Akaitika na kichwa.

Nilishika mukono wake tu, ule mukono murefu wa mifupa, na tukasimama vile mbele ya bantu, mama mwislamu na mwanaume wa misa ya kwanza, na kama kuko mwenye alitaka kusema, aliniangalia macho akapita.

Rehema aliolewa. Henri alileta ekra kubwa, akaifunga kwa ukuta wa kwetu, na wakati wa neno la baba, baba mudogo akasimama, akasema tu, "Tumusikilize mwenyewe," akakaa. Bantu bakacheka palepale pa sombe. Kwa jina la Rehema hakuna mwenye alikohoa. Mutoto wangu akainama mbele ya ekra, akapokea radhi yake, akainuka, akatoka kwetu na uso mweupe wa furaha. Nililala usiku ule kama jiwe.

Guy akaja kuweka diski ya pili mahali pa pengo. Nikamungojea mulangoni. Nikamuambia asilete ya kadiri ileile, abadilishe zote mbili, alete kubwa, kubwa kabisa, na mimi na Henri tutajua namna ya kumulipa. Akashangaa. "Mama, arusi ni nyingi hivyo?"

"Si arusi," nikasema.

Siku ya Mungu nilizima mashini. Mimi mupira siupendi, niseme wazi: bantu bazima banafukuza kitu kimoja, na wakikipata wanakitupa tena. Jua ilikuwa kali, nikamushikia Henri mwavuli juu ya kamera tangu mwanzo mpaka mwisho, mukono ukakufa ganzi, na bijana bakanicheka. Hakuna goli hata moja iliingia. Kufika studio, Henri akaiandika ile mechi mara mbili.